Chambo bandia cha baharini Ziwa Nyasa: kitamnasa mbasa au utapoteza hela?

Siku hizi chambo bandia za plastiki na mbao zinafika mpaka Mbinga na Mbamba Bay. Nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya baharini, kuvulia nguru, jodari na samsuli. Vijana wa mwambao wa Nyasa wanauliza: hizi zinafaa ziwani kwetu?

Jibu fupi: zinafaa, lakini siyo zote, na siyo kama zilivyotoka dukani.

Uvuvi wenyewe ukoje?

Unafunga chambo bandia kwenye mshipi, unakiacha nyuma ya chombo, kisha unapiga kasia au unaendesha injini taratibu. Chambo kinatikisika kama samaki mdogo anayekimbia, na samaki mla nyama anakishambulia. Watu wa pwani huita kurambaza. Wengine husema kuburuta tu.

Wazo la kuhamisha zana za bahari kwenda maji baridi si geni. Kanada na Marekani kuna samaki wa maji baridi anayeitwa muskie, mwenye meno makali na urefu unaoweza kupita mita moja. Wavuvi wake hujaribu chambo kubwa za baharini, wakiburuta kwa kasi ya kilomita 5 hadi 8 kwa saa. Kwa huyo inaeleweka, maana ana mdomo mkubwa. Sisi samaki wetu ni wengine.

Ziwani kwetu unamlenga nani?

Wa kwanza ni mbasa, ambaye Malawi wanamwita mpasa. Ni samaki wa rangi ya fedha, mwenye mbio, anayekula usipa. Akikua sana anafika kilo 4 hivi. Upande wa Malawi, mto Bua katika hifadhi ya Nkhotakota unajulikana sana kwa wavuvi wa fimbo wanaomtafuta.

Wa pili ni yule mwembamba mrefu ambaye Malawi wanamwita ncheni. Naye anawinda samaki wadogo kwenye maji ya wazi, na hunaswa kwa kuburuta.

Magege usimhesabu hapa. Chakula chake zaidi ni mwani na vijimea vidogo vya majini, hana shida na plastiki yako.

Mambo manne ya kubadilisha

*1. Ukubwa.* Chambo cha baharini mara nyingi kina sentimita 15 hadi 20. Usipa ni mdogo zaidi ya hapo. Chagua cha sentimita 5 hadi 10, chembamba, cha rangi ya fedha. Kikubwa kitamtisha samaki kuliko kumvuta.

*2. Uzito.* Maji ya bahari ni mazito kuliko ya ziwa kwa karibu asilimia 2.5, kwa sababu ya chumvi. Chambo cha gramu 100 kinachoning'inia vizuri baharini, bila kuzama wala kuelea, kikija Nyasa kinakuwa kama kimeongezewa gramu 2 na nusu. Kitazama. Kwa hiyo kabla hujaenda mbali, kijaribu kwenye ndoo ya maji ya ziwa, kikiwa na ndoana zake zote.

*3. Ndoana na waya.* Ndoana za baharini ni nene, maana zinapambana na taya ngumu na kutu ya chumvi. Ziwani zitoe, weka nyembamba na zenye ncha kali. Hapo pia umepunguza ule uzito uliozidi. Waya nao hauhitajiki kwa mbasa: hana meno kwenye taya, meno yake yako kooni. Nailoni inatosha, na kwenye maji maangavu ya Nyasa haionekani haraka kama waya.

*4. Kasi.* Hapa ndipo wengi wanapoliwa hela. Zile chambo zenye kichwa kigumu na manyoya ya plastiki kama ngisi zimetengenezwa kwa boti inayokwenda kilomita 13 au zaidi kwa saa. Ukiburuta kwa mtumbwi wa kasia, zinalala tu kama kitambaa. Nunua zenye ulimi wa plastiki chini ya mdomo. Huo ulimi ndio unaozitikisa hata kwa mwendo wa kasia, na ndio unaozipeleka chini. Acha mshipi wa mita 30 au 40 nyuma, ili kivuli cha chombo kisiwashtue samaki.

Je, inalipa?

Piga hesabu kabla. Jumlisha petroli ya safari na bei ya chambo, kisha gawanya kwa bei ya kilo moja ya samaki hapo mwaloni. Hizo ndizo kilo unazotakiwa kupata ili usile hasara. Kwa injini, mara nyingi utaona kilo ni nyingi mno. Kwa kasia, au kwa kuburuta ukiwa tayari njiani kwenda kukagua nyavu, hesabu inakaa vizuri zaidi.

Tahadhari

Mbasa yuko hatarini kutoweka. Shirika la IUCN limemweka kwenye orodha yake ya spishi zilizo matatani. Msimu wa mvua hupanda mito kama Ruhuhu kwenda kutaga. Ukimvizia mdomoni mwa mto wakati huo, umekula mbegu badala ya mazao. Mwache apande kwanza. Ukinasa mwenye mayai au mdogo, mtoe ndoana ukiwa umemlowesha, mrudishe.

Usiburute juu ya nyavu za wenzako. Ndoana tatu za chambo kimoja zinaweza kuchana wavu wa mtu, na ugomvi wake hauishi leo.

Usifunge mshipi mkononi wala mguuni. Ufunge kwenye chombo.

Na upepo wa mwera ukianza kuvuma kutoka kusini, rudi. Mawimbi ya Nyasa huinuka haraka, na chambo kitapatikana kingine.

Mwisho, uvuvi una leseni. Pita kwa ofisa uvuvi wa wilaya uulize masharti kabla ya kutoa hela dukani.