Umeme wa Jua Unaozidi: Matumizi Yake katika Kupasha Joto Maji na Nyumba

Katika vijiji vya Kwedizinga na sehemu nyingine za Handeni na Korogwe, paneli ya sola juu ya bati si jambo la ajabu tena. Mchana paneli hujaza betri, na jioni betri huwasha taa, redio na televisheni, na kuchaji simu. Jambo ambalo watu wachache hulitambua ni kwamba siku ya kiangazi betri huweza kujaa kabla ya saa saba mchana. Tangu hapo hadi jua kuchwa paneli huwa karibu haina kazi. Jua lingali linawaka na paneli ingali na uwezo wa kutoa umeme, lakini kidhibiti chaji kimekwisha kuufunga mlango.

Kidhibiti hakikosei. Betri ya risasi na asidi ya volti 12 inapofikishwa kwenye volti 14.4 hivi, maji yaliyomo huanza kupasuliwa kuwa haidrojeni na oksijeni. Betri ikiendelea kulazimishwa, maji hupungua na bamba za ndani huharibika. Kwa hiyo kidhibiti hupunguza mkondo hadi ubaki kidogo sana. Umeme ambao haukuchukuliwa haumwagiki mahali popote. Hautengenezwi kabisa, na nuru iliyokuwa iuzalishe huishia kuipasha moto paneli yenyewe.

Mtu angeweza kuuliza kwa nini basi familia inunue paneli kubwa kuliko haja yake. Jibu limo katika mawingu ya masika. Paneli hupimwa kwa siku mbaya, si kwa siku njema, na yule anayeipima kwa jua la Januari hukaa gizani mwezi wa Aprili. Ziada ya kiangazi ndiyo bei ya taa za masika, na kwa kuwa bei hiyo imekwisha kulipwa, yafaa kutafuta namna ya kuitumia.

Tuseme nyumba ina paneli mbili za wati 300 kila moja. Tanzania hupata kwa wastani kati ya kilowati-saa 4 na 7 za nguvu za jua kwa kila mita ya mraba kwa siku. Kwa siku ya kilowati-saa 5, paneli hizo zingetoa kilowati-saa 3. Lakini vumbi, joto la paneli na nyaya hupunguza robo hivi, zikabaki 2.25. Taa, televisheni, redio, simu na feni ndogo vinaweza kula 0.7, na pamoja na kinachopotea ndani ya betri hesabu hufika 0.9. Ziada ni kama kilowati-saa 1.3.

Ziada hiyo yaweza kufanya nini? Kilowati-saa moja ni juli milioni 3.6, na kupandisha joto la lita moja ya maji kwa digrii moja ya Selsiasi huhitaji juli 4,200 hivi. Mwanafunzi akigawanya ataona kwamba kilowati-saa 1.3 hupandisha joto la lita 20, yaani debe moja, kwa digrii 56. Maji yaliyokuwa na nyuzi 25 asubuhi huwa na 81 alasiri. Yakichanganywa na maji ya baridi huwa zaidi ya madebe mawili ya kuogea watoto, wazee na mama aliyejifungua.

Kwa upande wa kuni, mafiga matatu hufikisha kwenye sufuria sehemu moja tu kati ya nane hivi ya joto la kuni. Zilizobaki huenda na moshi na upepo. Kilo moja ya kuni kavu ina juli milioni 16 hivi, kwa hiyo maji hupata milioni 2 tu. Debe lile moja kwa hesabu hiyo limekula zaidi ya kilo mbili za kuni. Katika siku 200 za jua zuri hiyo ni karibu nusu tani, na kila kilo yake hubebwa kichwani. Handeni, wilaya ambayo mkaa wake husafirishwa hadi Dar es Salaam, haina miti ya kuchezea.

Hata hivyo, kabla ya kupasha maji moto hapana budi kuyapata maji yenyewe, na Handeni ni nchi yenye kiu. Hapa sayansi ina jambo la kushangaza la kueleza. Kupandisha lita 1,000 kutoka kisima chenye kina cha mita 30 huhitaji juli 294,000 tu, yaani kilowati-saa 0.08. Hata kama pampu hupoteza zaidi ya nusu ya umeme inaopewa, 0.2 zinatosha. Kwa hiyo ziada ileile iliyochemsha debe moja ingeweza kuvuta lita 6,000, au madebe 300. Joto ni mlaji mkubwa wa nguvu kuliko karibu kazi nyingine yoyote ya nyumbani. Penye kisima chenye maji mazuri, ziada na iende kwenye pampu kwanza; kuchemsha kufuate tangi likishajaa.

Ni vema pia kusema wazi kwamba mtu asiye na paneli, anayetaka maji ya moto tu, asianze kwa kununua paneli za umeme. Paneli za leo hugeuza kama sehemu moja kati ya tano za nuru kuwa umeme, lakini kisanduku cheusi chenye mabomba na kioo huweza kunasa nusu au zaidi kama joto. Maarifa hayo ni ya zamani: Horace de Saussure wa Uswisi alijenga kisanduku chake cha vioo mwaka 1767, na mwaka 1891 Clarence Kemp wa Marekani alipewa hataza ya tangi la kupashia maji kwa jua. Kenya ilitoa kanuni mwaka 2012 zilizotaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yawe na mitambo ya namna hiyo. Umeme wa ziada una faida moja tu juu ya kisanduku hicho, nayo ni kwamba umekwisha kulipiwa.

Sasa kuhusu namna ya kuunganisha. Wengi hufikiri kwamba yatosha kuchukua hita ya kawaida na kuifunga kwenye paneli. Hita ya wati 1,500 iliyotengenezwa kwa volti 230 ina ukinzani wa omu 35 hivi. Paneli ya wati 300 hufanya kazi vizuri ikiwa kwenye volti 32 na ampea 9.4, na ukinzani unaoifaa ni 32 gawanya kwa 9.4, yaani omu 3.4. Ikifungwa kwenye omu 35, volti zake hupanda hadi 39 hivi, lakini mkondo haufiki hata ampea moja na robo. Paneli ya wati 300 hutoa wati 43, na mwenye nyumba husema sola ni uongo.

Hata hita ya omu 3.4 ina tatizo lake. Wingu jembamba likipunguza nuru kwa nusu, mkondo wa paneli nao hupungua kwa nusu, ukawa 4.7. Volti kwenye hita ni mkondo mara ukinzani, yaani 16, na nguvu ni wati 75. Nuru imepungua nusu lakini joto limebaki robo! Ndiyo sababu vidhibiti bora hubadili uhusiano wa volti na mkondo kila mara, ili paneli ibaki mahali panapoifaa.

Hatari kubwa zaidi imo katika swichi. Mkondo geu wa msongo wa hezi 50 hupita kwenye sufuri mara 100 kila sekunde, na kila unapopita, cheche iliyoanza kwenye swichi hupata nafasi ya kuzimika. Mkondo mnyoofu wa paneli haupiti kwenye sufuri kamwe. Themostati iliyotengenezwa kwa mkondo geu ikijaribu kuukata, cheche huendelea kuwaka, huunguza ncha za swichi na hatimaye huzigandisha pamoja. Hapo maji huchemka bila kizuizi. Vifaa vya mkondo mnyoofu na vitumike penye mkondo mnyoofu. Hakuna njia ya mkato.

Njia rahisi zaidi kwa nyumba yenye inveta ni hita ndogo ya wati 300 inayowashwa na swichi ya kujiendesha: betri ikifika volti 14.2 iwashe, ikishuka hadi 13.2 izime. Hita ndogo hubebwa na paneli, si na betri. Birika la wati 2,000 lingedai zaidi ya ampea 160 kutoka betri ya volti 12, na betri hiyo haingeona masika mawili. Tangi liwe na tundu la kupumulia, waya wa ardhi uwepo, na maji yanayokaa siku nyingi yafikishwe nyuzi 60, kwa sababu bakteria wa Legionella, waliojulikana baada ya maradhi ya Philadelphia ya mwaka 1976, hustawi katika maji ya uvuguvugu. Pipa likizungushiwa maganda ya mpunga au nyuzi fupi za mkonge, vitu visivyo haba Korogwe, maji ya alasiri hubaki ya moto hadi usiku.

Kupasha nyumba joto ni habari nyingine. Kwedizinga hakuna anayeuhitaji moto chumbani, lakini Lushoto, mwendo mfupi tu juu ya Korogwe, usiku wa Julai ni wa baridi kweli. Hewa yote ya chumba cha mita 3 kwa 4 huhitaji chini ya kilowati-saa 0.1 ili ipande digrii 8. Bati tupu la chumba hichohicho, lakini, hupitisha nje wati 670 muda wote. Kwa saa kumi za usiku hizo ni karibu kilowati-saa 7, kupita paa peke yake! Isitoshe, ziada huja adhuhuri na baridi huja alfajiri. Mwenye fedha chache anunue dari kabla ya hita.

Mahali pa kupasha joto penye maana katika vijiji vya chini ni banda la vifaranga. Juma la kwanza vifaranga hutaka nyuzi 32 hadi 35, na wafugaji wengi hutumia jiko la mkaa ambalo hewa yake chafu huua vifaranga na hata mlinzi wao aliyelala humo. Pipa la lita 100 lililopashwa hadi nyuzi 60 mchana, likipoa hadi 40 usiku, hutoa kilowati-saa 2.3 za joto pole pole, bila moshi. Nyumba yenye paneli mbili haitoshelezi pipa hilo kwa siku moja. Paneli nne hutosheleza.

Shule nazo zina ziada kubwa, hasa Jumamosi na wakati wa likizo. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 unakusudia kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, na majiko ya shule ni miongoni mwa yanayotakiwa kuachana na kuni. Maji ya ugali, lita 100, yakipashwa kwa umeme wa ziada kutoka nyuzi 25 hadi 65 kabla ya kuwekwa jikoni, huchukua kilowati-saa 4.7 na kuokoa zaidi ya kilo 8 za kuni za mafiga.

Walimu wa fizikia wanaweza kuyapima haya bila maabara kubwa. Ichukuliwe paneli ndogo, koili ya ukinzani unaojulikana, chupa ya chai yenye lita moja ya maji, na kipimajoto. Joto lisomwe kila dakika tano. Kisha nusu ya kila seli ya paneli ifunikwe kwa karatasi nyeusi, kwa mistari iliyo sawa, na upimaji urudiwe. Wanafunzi waandike kabla ya kuanza kama wanatazamia nusu ya joto au robo.