Je, Wajua? Chama cha Waogeleaji Kilizaliwa Nchi Kavu

Chama cha kitaifa cha kuogelea cha Uingereza hakikuanzia kwenye bwawa. Januari 1869, vilabu vya London vilikutana katika jumba la mazoezi la Wajerumani, karibu na stesheni ya King's Cross, vikaunda chama.

Ubingwa wake wa kwanza wa maili moja uliogelewa katika mto Thames mwaka huohuo. Hebu fikiria: maji baridi, mkondo, wala hakuna mistari ya njia! Tom Morris alishinda.

Mwaka 1884 chama kiligawanyika. Ugomvi? Nani ni mridhaa, nani anaogelea kwa pesa. Walipatana 1886.

Leo, uongozi wa kuogelea nchini England uko chini ya Swim England, mrithi wa chama hicho.