Vitabu viwili, vipimo viwili: yupi msema kweli?

MPISHI akizidisha chumvi, mchuzi humwagwa na kazi ikaanza upya. Lakini mtu anayejaza baruti katika ganda la risasi akizidisha kipimo, huenda bastola ikampasukia mkononi, akapoteza vidole au jicho.

Hata hivyo, nchini Marekani wako watu wengi wanaoifanya kazi hiyo nyumbani kwao, mezani, kama vile mwingine ashonavyo nguo. Aghalabu ni wapenzi wa mchezo wa kulenga shabaha, na sheria za huko huwaruhusu kujitengenezea risasi za matumizi yao wenyewe.

Sababu yao kubwa ni gharama. Mlenga shabaha anaweza kufyatua mamia ya risasi katika siku moja ya mazoezi. Kila risasi ina sehemu nne: ganda, fataki ya kuwashia moto, baruti, na kile kichwa kinachoruka. Baruti huungua na kichwa hutoweka, lakini ganda hubaki. Basi huliokota, wakalisafisha, wakalirudisha kwenye umbo lake kwa mashine ndogo ya mkono, kisha wakalitia fataki mpya, baruti na kichwa kingine.

Je, baruti kiasi gani? Hapo ndipo penye kazi.

Kampuni zinazouza baruti na vichwa, zikiwemo Hodgdon, Speer, Hornady na Sierra, huchapisha majedwali yanayoonyesha kipimo cha kuanzia na kile cha juu kabisa kisichopaswa kupitwa. Kipimo chenyewe huitwa greini. Greini 7,000 ndizo hufanya ratili moja, kwa hivyo greini moja ni kama gramu 0.065 tu. Ni punje chache za unga.

Sasa mtu hufungua vitabu viwili. Bastola ni ya aina moja, baruti ni ile ile, na uzito wa kichwa haukutofautiana. Lakini kitabu kimoja kinamruhusu kufika mahali ambapo kingine kimekwisha kumwambia, "Simama!" Yupi msema kweli?

KILA MMOJA NA JARIBIO LAKE

Jibu ni kwamba huenda wote wawili ni wasema kweli. Jedwali ni ripoti ya jaribio lililofanywa siku fulani kwa vifaa fulani. Ukibadilisha vifaa, matokeo nayo hubadilika.

Tuanze na kichwa. Vichwa viwili vyaweza kuwa na uzito sawa lakini visiwe na urefu sawa. Madini ya risasi ni mazito kuliko shaba. Kichwa cha shaba tupu, ili kifikie uzito wa kile chenye madini ya risasi ndani, hakina budi kuwa kirefu zaidi. Kikiwa kirefu, huingia ndani zaidi ya ganda na kuipunguzia baruti nafasi.

Nafasi hiyo ni jambo kubwa. Baruti inapoungua hugeuka gesi, na gesi iliyobanwa mahali padogo husukuma kwa nguvu zaidi. Katika ganda dogo kama lile la bastola ya milimita 9, kukizamisha kichwa kidogo tu kupita kiasi kunaweza kulipandisha sana shinikizo la gesi.

Jambo la pili ni mtutu. Wapimaji wengine hutumia mtutu maalumu wa maabara, wengine bastola ya kawaida. Bastola ya silinda inayozunguka ina mwanya mdogo kati ya silinda na mtutu, na gesi hupenya hapo. Mtutu wa maabara uliozibwa vizuri hutoa kasi kubwa zaidi, na mnunuzi akashangaa kwa nini bastola yake haifikii mwendo ulioandikwa kitabuni.

La tatu ni jinsi shinikizo lenyewe linavyopimwa. Zamani gesi iliachwa isukume kipande kidogo cha shaba, kisha wataalamu wakapima kimebondeka kiasi gani. Siku hizi hutumiwa kifaa chenye fuwele inayotoa umeme inapobanwa, tabia iliyogunduliwa na ndugu wawili wa Ufaransa, Pierre na Jacques Curie, mwaka wa 1880. Njia hizi mbili hazitoi tarakimu zinazolingana, na anayeziweka pamoja ni kama mtu anayejumlisha maili na kilomita.

Aidha, kila aina ya risasi ina kikomo chake. Huko Marekani vikomo huwekwa na SAAMI, chama cha watengenezaji kilichoundwa mwaka wa 1926. Risasi ya .38 Special ina kikomo cha ratili 17,000 kwa kila inchi mraba, ilhali .357 Magnum inafika 35,000. Hizi ni kama ndugu wa baba mmoja, kwani unene wao ni sawa. Ganda la .357 lilirefushwa kwa inchi 0.135 ili lisiweze kuingia katika bastola dhaifu za zamani.

PACHA WALIOFICHWA

Kisa cha kuchekesha zaidi ni cha baruti ziitwazo H110 na W296. Kwa miaka mingi ziliuzwa katika mikebe tofauti na majina tofauti, na vitabu vikazipa vipimo tofauti. Wenye kulinganisha walibishana ipi ni kali kuliko mwenzake. Kumbe ni baruti moja! Kampuni ya Hodgdon, inayoziuza zote mbili, imekiri wazi kwamba ni kitu kile kile. Tofauti waliyoiona wasomaji ilitokana na mikebe iliyotengenezwa nyakati mbalimbali, mitutu na mazingira ya majaribio.

Je, mwangalifu hufanyaje? Kwanza hutafuta jedwali la kichwa kile kile alicho nacho, wala si kinachofanana nacho. Vitabu vikitofautiana, huanza na kipimo kidogo, akapanda polepole huku akikagua maganda yake. Hachukui nusu ya jedwali hili na nusu ya lile. Hashuki pia chini ya kipimo cha kuanzia, maana baruti ikiwa haba mno kichwa kinaweza kukwama mtutuni, na risasi inayofuata ikaleta maafa.

Mwishowe humulika ndani ya kila ganda kabla ya kulifunga. Baruti nyingi za bastola huchukua nafasi ndogo, hata vipimo viwili vikaweza kuingia katika ganda moja bila kumwagika.

Hapa kwetu Kenya mambo ni tofauti. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hairuhusu mtu kujitengenezea risasi bila idhini, na msomaji asije akajaribu.

Lakini funzo lenyewe halihitaji leseni. Mwanafunzi atakuta vitabu viwili vya sayansi vyenye tarakimu zisizolingana. Mzazi atakuta chupa mbili za dawa ya homa ya mtoto, kila moja na kipimo chake cha kijiko, kwa kuwa nguvu ya dawa iliyomo si sawa. Kabla ya kuuliza nani mwongo, uliza kwanza: walipima nini, na kwa kifaa gani? Na ukiwa bado una shaka, usikisie. Shika kilicho salama na umuulize ajuaye. Tahadhari kabla ya hatari.