Ng'ambo ya Mto Ohio: Kupiga na Kusoma Picha ya Mji

Walimu wengi wa Kiswahili hutumia picha za miji kufundishia insha za maelezo. Mara nyingi tunamwuliza mwanafunzi anaona nini, lakini ni nadra kumwuliza mpiga picha alisimama wapi. Katika makala haya tunaeleza umuhimu wa swali hilo kwa kutumia mji wa Cincinnati, ulio katika jimbo la Ohio nchini Marekani.

Cincinnati imejengwa kwenye ukingo wa kaskazini wa Mto Ohio. Ukingo wa kusini ni wa jimbo la Kentucky, na hapo upo mji wa Covington. Aliye katikati ya Cincinnati haioni sura nzima ya mji, kwa kuwa ghorofa za karibu humzibia zile za mbali. Ni lazima avuke mto. Ndiyo maana picha nyingi zinazojulikana za mji huu zimepigwa kutoka jimbo jingine: kandokando ya maji huko Covington, au juu ya kilima katika bustani ya Devou.

Jua nalo linampendelea anayesimama huko. Kwetu sisi tulio karibu na Ikweta, jua la adhuhuri hukaa utosini. Cincinnati iko nyuzi 39 kaskazini, hivyo jua la mchana huwa daima upande wa kusini. Mpiga picha hulipa kisogo, na mwanga huangukia nyuso za majengo yaliyo mbele yake. Aidha, giza haliingii ghafla kama kwetu. Mwezi Juni jua huzama takriban saa tatu usiku, kisha anga hubaki na rangi ya buluu kwa muda huku taa za madirishani zikiwaka. Huo ndio wakati bora. Kamera iwekwe juu ya stendi ya miguu mitatu, kwani lenzi huachwa wazi kwa sekunde kadhaa na mkono hauwezi kutulia kiasi hicho. Pia isiinuliwe kutazama juu, la sivyo majengo yataonekana yakianguka kinyumenyume.

Katika picha hiyo, jengo la Carew Tower la mwaka 1930, lenye ghorofa 49, husimama pamoja na Great American Tower, lililofunguliwa mwaka 2011 na kulipita kwa urefu. Mbele yake ni daraja la kuning'inia la John A. Roebling. Lilipofunguliwa rasmi mwaka 1867, nafasi kati ya minara yake miwili, mita 322, ilikuwa ndefu kuliko ya daraja lolote la aina hiyo duniani.

Hata hivyo, mto huo haukuwa maji tu. Kabla utumwa haujapigwa marufuku nchini humo mwaka 1865, Kentucky ilikuwa jimbo la watumwa na Ohio halikuwa. Mwezi Januari 1856 Margaret Garner na jamaa zake walivuka mto ukiwa barafu, wakafika Cincinnati, wakakamatwa. Sheria ya mwaka 1850 iliruhusu watoro warudishwe hata kutoka majimbo huru. Kwa hiyo ukingo unaompa mpiga picha mandhari nzuri ndio ukingo ambao watumwa walitazama kutokea, wakitafuta njia ya kuvuka. Tangu mwaka 2004, makumbusho ya historia hiyo yamesimama upande wa Cincinnati, karibu na daraja.

Hapa neno letu "ng'ambo" linatusaidia. Halitaji mahali maalumu. Hutegemea msemaji yuko wapi. Kule Unguja, mtaa wa Ng'ambo ulipata jina kwa kutazamwa kutoka Mji Mkongwe, na wakazi wake wakabaki "ng'ambo" hata wakiwa nyumbani kwao.

Tunapendekeza zoezi hili. Mpe mwanafunzi picha ya mji, aandike aya moja akiwa mahali pa kamera, kisha aandike nyingine akiwa ndani ya mojawapo ya majengo. "Huku" itageuka "kule", na "pale" itageuka "hapa". Atajifunza vionyeshi vya mahali, na atazoea kuuliza ni nani anayetazama kabla hajaeleza kinachotazamwa.