Corona: kwa nini watoto waliolazwa Afrika walikufa kuliko wale wa Ulaya?

Wakati Corona ilitangazwa Kinshasa, tarehe 10 Machi 2020, wakaaji wengi wa mashariki mwa Congo walisema: huo ni ugonjwa wa wazee, watoto hauwagusi. Hayo hayakuwa uongo mtupu. Duniani kote, watoto wengi walioambukizwa walipata homa na kikohozi kidogo, kisha wakapona. Lakini kwa wale waliougua mpaka kulazwa, kupona kulitegemea sana inchi walimolazwa.

Watafiti wakiongozwa na profesa Jean Nachega walifuata watoto na vijana 469 waliolazwa na Corona kati ya Machi na Desemba 2020, katika inchi 6: Congo yetu, Uganda, Kenya, Nigeria, Ghana na Afrika Kusini. Matokeo yalitoka mwaka 2022. Kati ya hao 469, watoto 39 walikufia hospitalini. Ni kusema karibu 8 kwa kila 100. Katika inchi tajiri za Ulaya na Marekani, kwa watoto 100 waliolazwa, aliyekufa alikuwa 1 ao hata hakuna.

Je, kirusi cha huku kilikuwa na ukali zaidi? Hapana. Kilikuwa kilekile. Tofauti ilitoka kwa mambo mengine.

Ugonjwa juu ya ugonjwa

Waliokuwa katika hatari kubwa ni watoto wachanga, wenye hawajafikisha mwaka 1, na wale waliokuwa na ugonjwa mwingine tayari: wa mapafu, wa damu, ao tansio ya juu. Huku kwetu watoto wa SS ni wengi. Ongeza malaria, utapiamlo na surua. Surua peke yake ilikuwa imeua watu zaidi ya 6,000 katika Congo kufikia Januari 2020, wengi wao watoto wenye chini ya miaka 5. Mtoto ambaye mwili wake umechoka hivyo, ugonjwa mpya unamkuta bila nguvu.

Oksijeni

Mapafu yakijaa, dawa ya kwanza ni oksijeni, ule mupepo safi wa kusaidia kupumua. Inatoka kwa chupa nzito za chuma, ambazo zinapaswa kujazwa mahali pengine na kusafirishwa. Ao inatoka kwa mashine inayochuja mupepo wa kawaida. Ile mashine inatumia umeme: umeme ukikatika na hakuna jenereta, inasimama, na mtoto anabaki bila msaada. Kuna pia kile kifaa kidogo cha kubana kwa kidole, kinachoonyesha kama oksijeni imepunguka katika damu. Bila hicho, muuguzi anaweza kukosa kujua mapema kwamba mtoto anazama.

Kufika kwa kuchelewa

Jambo la tatu linaanza nyumbani. Barabara mbaya, vita, kukosa feza ya pikipiki ao ya matunzo: mzazi anangoja siku moja, mbili, akijaribu dawa za miti ao vidonge vya dukani. Mtoto anafika lopitali wakati munganga hana tena nafasi kubwa ya kumuokoa.

Hesabu zinasema nini, hazisemi nini

Hizo hesabu ni za watoto waliofika hospitalini tu. Mahali ambapo vitanda ni vichache, wanalazwa wale walioumwa sana, na hiyo peke yake inapandisha idadi ya vifo kwa kila 100. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba tofauti yote ni kosa la waganga wa huku. Kwa upande mwingine, mtoto aliyekufia nyumbani ao njiani hakuhesabiwa.

Corona imepungua, lakini yale mambo matatu hayakuondoka nayo. Hata leo mtoto mwenye nimonia anahitaji oksijeni ileile, na kufika kwa wakati uleule.

Mzazi anaweza kusaidia kwa jambo moja lisilo na bei: kuhesabu. Mtoto akiwa ametulia, hajalia, funua kifua chake, hesabu pumzi kwa dakika 1 nzima. Kwa mwenye hajafikisha miezi 2, pumzi 60 ao zaidi ni hatari. Kuanzia miezi 2 mpaka mwaka 1, ni 50. Kuanzia mwaka 1 mpaka miaka 5, ni 40. Kama kifua kinaingia ndani akivuta pumzi, ao midomo inageuka rangi ya buluu, ao anakataa ziwa, ao anapata degedege, usingoje hata kuhesabu. Mpeleke kituo cha afya saa ileile, hata kama ni usiku.