Kiingereza Hakiji kwa Kunyamaza

Msishangae kukuta habari za Kiingereza katika jarida la Chama cha Kiswahili. Anayeijua thamani ya lugha moja hawezi kuidharau nyingine.

Mimi ni wa Lokiriama, karibu na mpaka wa Uganda. Nilipokuwa shule ya msingi, aliyeponyokwa na neno la Kiturkana alivishwa kibao shingoni. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alisimulia adhabu ya namna hiyo ya wakati wa ukoloni, kumbe hata mimi niliikuta! Nilikivaa kibao hicho siku tatu. Je, nilijifunza Kiingereza? La hasha! Nilijifunza kunyamaza.

Nao mtihani wa KCSE hautusaidii kufungua vinywa. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza ina alama 30 za stadi za mazungumzo, lakini zote hujibiwa kwa kalamu. Hakuna anayemsikia mtahiniwa akisema. Basi mtu aweza kupita vizuri, halafu akatetemeka akiulizwa swali katika ofisi pale Lodwar.

Ndiyo maana sisi watano wa bweni moja tuliamua kujifundisha. Mbinu zetu ni tatu.

Kwanza, tunakaa wawili wawili. Mmoja huongea dakika tatu juu ya jambo analolijua: mbuzi, mpira au kuchota maji. Mwenzake hamkatizi. Mwishoni humwonyesha kosa moja tu. Makosa kumi humvunja mtu moyo, lakini moja hukumbukwa.

Pili, tunatafuta asili ya kosa. Kiturkana hutanguliza kitendo, yaani "amekunywa mtoto maziwa". Kiingereza hutaka mtoto atangulie. Kiswahili nacho kina "yeye" mmoja kwa mume na mke, ndipo nikamwita mama yangu "he" na darasa zima likacheka. Kumbe sikuwa mjinga! Nilikuwa nikifikiri kwa lugha ninazozijua.

Tatu, kila Jumamosi mmoja wetu husimulia kisa cha kwao, kwanza kwa lugha ya mama, kisha kwa Kiingereza. Kisa anacho tayari, kilichobaki ni maneno tu. Mimi nilisimulia mapatano ya Lokiriama ya mwaka 1973, Waturkana na Wamatheniko wa Uganda walipofanya amani. Mwenzetu mmoja alikulia kambi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992, wala hajui Kiturkana. Aliniuliza, "Mpaka leo hamjapigana tena?" Alitaka kujua kweli, nami nikamjibu kwa Kiingereza kabla sijakumbuka kuogopa.

Mwalimu bado tunamhitaji. Linalotushinda tunampelekea, kwani kuuliza si ujinga. Lakini kinywa ni chako, hakuna atakayekufungulia. Jaribuni, wenzangu, na anayekosea asichekwe. Kicheko nacho ni kibao cha shingoni.