Kabla ya kununua programu ya makadirio, jua bei ya mchanga wako

Zipo nyumba Karatu ambazo ada ya shule haitoki kwenye mshahara, inatoka kwenye zabuni. Baba ni mkandarasi wa daraja la saba, mama anatunza risiti na kulipa vibarua, na kijana wa chuo akirudi likizo ndiye anayechapa jedwali la gharama, lile ambalo wajenzi huliita BOQ.

Katika familia ya namna hii, kosa la makadirio haliishii ofisini. Bei ikiwa juu, kazi inakwenda kwa mwingine. Ikiwa chini, kazi mnaipata, lakini fedha za kuimalizia zinatoka mfuko uleule wa ada, chakula na matibabu. Kwa hiyo, programu ipi ya kompyuta itumike kukadiria gharama si jambo la baba peke yake.

Tangu mwaka 2023, Serikali ilipoanza kutumia mfumo wa NeST katika ununuzi wa umma, zabuni za Serikali zinaombwa kwa mtandao. Muda ukiisha, umeisha.

Programu haijui njia ya Endulen

Wengi huanza na Excel. Kampuni kubwa hutumia programu kama Candy, iliyoanzia Afrika Kusini. PlanSwift humwezesha mtu kupima ramani kwenye skrini badala ya kutumia rula.

Zote zinajumlisha vizuri kile ulichoziambia. Hazijui kwamba baada ya lango la Lodoare lori linapanda hadi ukingo wa kreta, kisha linashika njia ya vumbi kwenda Endulen, ambayo wakati wa masika hugeuka tope. Hazijui kwamba lango hufungwa saa 12 jioni, na lori lililochelewa likilala njiani, dereva anadai siku ya pili. Wala hazijui kwamba ujenzi ndani ya hifadhi unahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, na kukisubiri kunakula siku.

Chukua mfano wa zege la uwiano wa 1:2:4. Mita moja ya ujazo inakula takribani mifuko 6 na nusu ya saruji ya kilo 50. Kazi ya mita za ujazo 40 inahitaji mifuko 260. Tuseme umeandika bei ya dukani Karatu, ukasahau Sh3,000 za kufikisha kila mfuko eneo la kazi. Umepoteza Sh780,000 kwenye saruji tu, hujagusa mchanga, kokoto, maji wala nondo.

Muulize muuzaji haya

1. Naweza kuingiza bei zangu kwa shilingi? Programu iliyojaa bei za Marekani au Uingereza haikusaidii.

2. Nikibadilisha bei ya saruji mara moja, inabadilika kwenye jedwali zima?

3. Inafanya kazi bila intaneti? Eneo la kazi si kila mara lina mtandao.

4. Inapima kwa mita, na inatenganisha VAT ya asilimia 18 na faida yangu?

5. Nalipa mara moja au kila mwaka, tena kwa dola? Gawanya gharama hiyo kwa idadi ya zabuni unazoomba kwa mwaka.

6. Nikiacha kulipia, kazi zangu za nyuma zitafunguka kwenye Excel?

Ijaribu kwa risiti za mama

Usikubali kuonyeshwa jengo la mfano la muuzaji. Omba muda wa majaribio, chukua kazi mliyokwisha kuimaliza, iingize kama mpya, kisha linganisha jumla na risiti zilizotunzwa nyumbani. Tofauti ikiwa kubwa, tatizo huenda si programu, ni bei mnazoingiza.

Kwa mkandarasi anayeomba zabuni chache kwa mwaka, faili la Excel lenye ukurasa maalumu wa bei, unaohuishwa kila mwezi, linaweza kutosha. Fedha za leseni zinaweza kumlipa mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa akukagulie zabuni kubwa.

Kuna jambo jingine ambalo programu haiwezi kulitibu. Mtu mzima anahitaji walau saa 7 za usingizi, na aliyekesha akijaza bei ni rahisi kuruka sifuri asiione. Malizeni bei siku moja kabla ya mwisho. Asubuhi, mtu mwingine nyumbani alisome jedwali mstari kwa mstari na kuuliza, "Usafiri umeuweka?" Jibu likipatikana, ndipo zabuni itumwe.